Spoila ya Nyuma: Ukingo Mdogo na Ukinzani wa Hewa katika Magari ya Zamani

Gari linalokwenda kasi hukutana na hewa mara mbili: mbele linapoipasua, na nyuma linapoachana nayo. Macho ya watu hukimbilia mbele, kwenye boneti na kioo, kana kwamba kazi yote iko huko. Lakini katika magari mengi yaliyoundwa kabla ya miaka ya 1980, sehemu kubwa ya nguvu iliyopotea kwa hewa ilipotelea nyuma. Spoila, ule ukingo unaofungwa juu ya buti au mwisho wa paa, hufanya kazi yake katika eneo hilo. Spoila ileile inaweza kupunguza ukinzani wa hewa kwenye gari moja, ikauongeza kwenye jingine, na kwenye la tatu isifanye lolote. Kinachoamua ni mahali ambapo hewa huachana na bodi.

Ukinzani wa hewa hutokana na mambo manne yanayozidishana: uzito wa hewa yenyewe, ukubwa wa gari likitazamwa kwa mbele, umbo lake, na mwendo. Umbo hupewa namba ambayo wahandisi huiandika Cd; namba ikiwa ndogo, gari hupenya hewani kwa urahisi zaidi. Volkswagen Beetle, pamoja na mviringo wake wote, ilikuwa na Cd ya karibu 0.48, kwa hiyo gari kuwa la duara hakutoshi kulifanya jepesi hewani. Magari mengi ya abiria ya miaka ya 1960 na 1970 yalikuwa kati ya 0.40 na 0.50. Audi 100 ilipotoka mwaka 1982 ikiwa na 0.30, kiwanda kiliitangaza namba hiyo kwa fahari kubwa, na ilistahili.

Mwendo ndio wenye kauli ya mwisho. Ukiongezeka mara mbili, ukinzani hupanda mara nne, na nguvu ya injini inayohitajika kuushinda hupanda mara nane. Gari dogo lenye Cd ya 0.40 na uso wa mita 1.9 za mraba huhitaji kiasi cha farasi 2 tu kuishinda hewa kwa kilomita 50 kwa saa. Kwa kilomita 100 huhitaji farasi 13, na kwa kilomita 200 huhitaji zaidi ya farasi 100. Uzito wa hewa nao una sehemu yake. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ina hewa nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15, na gari likienda kwa mwendo uleule katika miji hiyo miwili hukutana na ukinzani mdogo zaidi kule juu, ingawa injini yake isiyo na turbo nayo hukosa pumzi kwa kiasi kama hicho.

Hewa ikishapita juu ya paa, hutaka kuendelea kuifuata bodi inapoteremka nyuma, kama chai inavyong'ang'ania mdomo wa birika na kutiririka chini yake badala ya kuanguka kikombeni. Mteremko ukiwa wa taratibu sana, hewa huufuata hadi mwisho, hupunguza kasi kidogo kidogo, na shinikizo lake hupanda tena na kulisukuma gari kutoka nyuma. Paul Jaray, mhandisi aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha ndege za Zeppelin, alitumia miaka ya 1920 kutafuta umbo la gari lenye mkia wa aina hiyo. Tatizo ni kwamba mkia huo huhitaji urefu ambao barabara na gereji haziwezi kuubeba. Katika miaka ya 1930, Wunibald Kamm wa Stuttgart alionyesha njia nyingine: mkia uanze kuteremka vizuri, kisha ukatwe wima kabla haujafika mwisho. Hewa huachana na bodi kwenye ukingo wa mkato, eneo la msukosuko linalobaki nyuma ni dogo, na hasara ni ndogo pia. Mkia uliokatwa hivyo unaitwa kwa jina lake mpaka leo.

Shida iko katikati, kwenye magari ambayo mgongo wake haukuteremka polepole vya kutosha wala haukukatwa. Hapo hewa hupinda na bodi kwa kasi, na popote hewa inapopinda kwa kasi kufuata mgongo, shinikizo hushuka. Shinikizo likishuka juu ya kioo cha nyuma na buti, bati hilo linanyonywa. Kwa kuwa sehemu hiyo imelala kwa mshazari, mnyonyo huo huvuta pande mbili kwa pamoja: juu, hata magurudumu ya nyuma yakapungukiwa na uzito, na nyuma, hata injini ikalazimika kuvuta zaidi. Kuinuliwa kwa mkia na ukinzani wa hewa, katika magari ya aina hii, ni matokeo mawili ya sababu moja, na ndiyo maana kipande kimoja cha bati kinaweza kuponya yote mawili.

Ukingo uliosimama mwisho wa mteremko huifanya hewa ipunguze kasi kabla ya kuufikia. Shinikizo kwenye kioo cha nyuma na kwenye kifuniko cha buti hupanda, na ule mnyonyo hupungua. Zaidi ya hapo, ukingo mkali huipa hewa mstari mmoja wa kuachana na gari. Bila huo, kwenye mkia wa mviringo, mahali pa kuachana hupanda na kushuka kila upepo unapobadilika, na gari hutikisika kwa namna ambayo dereva huihisi kwenye usukani bila kujua inatoka wapi.

Faida hiyo ilijulikana kwanza kwenye mashindano. Mwaka 1961 Richie Ginther, dereva Mmarekani aliyekuwa akifanyia Ferrari majaribio, alishiriki katika kuliwekea gari la mbio la 246 SP ukingo wa bati mwishoni mwa mkia, na gari likatulia kwenye mwendo mkubwa. Mwaka uliofuata Ferrari 250 GTO ikatoka na ukingo wa namna hiyo, kwanza ukiwa kipande kilichofungwa kwa bolti, baadaye ukiwa sehemu ya bodi yenyewe.

Katika magari ya kuuzwa, mfano unaofundisha kuliko yote ni Porsche 911. Lilionyeshwa mara ya kwanza Frankfurt mwaka 1963, injini ikiwa nyuma kabisa, na mgongo wake ukiteremka kwa mkunjo mmoja kutoka paa hadi bampa. Mkunjo huo ndio uliolifanya lipendwe, na ndio ulioleta taabu. Hewa iliufuata hadi chini na kuunyonya juu, na kwenye kona ndefu za kasi mkia ulianza kuelea. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wateja wa Porsche walioshindana kwa magari hayo walikuwa wakishindwa na BMW na Ford zenye injini kubwa zaidi, na kampuni ilihitaji jibu. Kazi ya kutafuta jibu la upande wa hewa iliwaangukia wahandisi Hermann Burst na Tilman Brodbeck, pamoja na mbunifu wa mitindo Rolf Wiener.

Waliliingiza gari kwenye handaki la upepo, wakaanza kujenga ukingo juu ya kifuniko cha injini kwa vipande vya bati na waya za kulehemu, wakiupandisha na kuupinda hatua kwa hatua na kupima kila badiliko. Vipimo vilionyesha jambo lisilo la kawaida katika uhandisi, ambako faida moja kwa kawaida hulipiwa kwa hasara nyingine. Mkia uliacha kuinuka kwa kiasi kikubwa, na wakati huohuo ukinzani ulipungua. Kitovu cha msukumo wa hewa nacho kilirudi nyuma kidogo, gari likawa tulivu zaidi, na hewa nyingi zaidi ikapata njia ya kuingia kuipoza injini. Ombi la hataza lilipelekwa tarehe 5 Agosti 1972, na Oktoba ya mwaka huo gari lenyewe, 911 Carrera RS 2.7, likaonyeshwa Paris. Wajerumani waliuita ukingo huo Bürzel, na kwingineko ukajulikana kama mkia wa bata. Kampuni ilipanga kuunda magari 500 ili kutimiza sharti la mashindano. Yaliishia kuwa 1,580.

Kwa mujibu wa Porsche, mkia wa bata uliongeza mwendo wa juu kabisa kwa kilomita 4.5 kwa saa, gari likafika kilomita 245. Namba hiyo inaonekana ndogo mpaka ipigiwe hesabu. Kwa kuwa nguvu inayohitajika hupanda haraka mno kuliko mwendo, nyongeza hiyo ina maana kwamba ukinzani ulipungua kwa kama asilimia 5. Kuipata kwa njia ya injini, iliyokuwa na farasi 210, kungehitaji zaidi ya farasi 10 za ziada, pamoja na mafuta na joto lake. Bati jepesi lililosimama mahali sahihi lilifanya kazi hiyo bure.

Carrera RS lilifika Afrika Mashariki pia. Mwaka 1974 Björn Waldegård wa Sweden aliliendesha katika mbio za Safari na kumaliza wa pili nyuma ya Joginder Singh wa Kenya, aliyekuwa kwenye Mitsubishi Lancer. Katika njia zile, ushindi uliamuliwa zaidi na matope, springi na ujuzi wa dereva kuliko hewa, kwa kuwa hewa huanza kuwa na neno pale tu barabara inaponyooka na mwendo kupanda.

Kwa nini gari moja liwe na hali ya 911 na jingine lisiwe nayo? Jibu la uhakika lilipatikana kwa kuchunguza pembe ya mteremko wa nyuma. Katika miaka ya 1970 Wolf-Heinrich Hucho na wenzake wa Volkswagen, wakati Golf ya kwanza ilipokuwa ikiundwa, waliona kwamba ukinzani haubadiliki taratibu kadiri kioo cha nyuma kinavyolazwa. Kuna pembe mbaya, karibu nyuzi 30 kutoka mlalo, ambako ukinzani hupanda ghafla na kisha kuanguka ghafla. Mwaka 1984 S. R. Ahmed na wenzake walilithibitisha hilo kwa umbo rahisi la majaribio, lenye pua ya mviringo na mgongo uliokatwa kwa mshazari. Mkato wa nyuzi 12.5 ulitoa Cd ya 0.23. Mkato wa nyuzi 30 ulitoa karibu 0.38. Umbo lilikuwa lilelile, na kilichobadilishwa ni pembe ya mgongo peke yake.

Sababu yake haionekani kwa macho bila moshi au nyuzi. Mteremko unapokaribia pembe ile, hewa ya ubavuni yenye shinikizo kubwa hupanda na kujikunja kwenye kingo mbili za kioo, ikaunda vimbunga viwili vilivyolala, vinavyofuata gari kama kamba zilizosokotwa. Ndani ya kila kimbunga shinikizo ni dogo sana, na vyote viwili huishikilia hewa ya katikati ibaki imeganda kwenye mteremko. Gari linavutwa nyuma na juu kwa nguvu. Pembe ikizidi kidogo tu, vimbunga huvunjika, hewa huachana na gari kwenye ukingo wa paa, na ukinzani hushuka. Magari mengi ya zamani yenye mgongo wa mteremko yaliundwa kwa jicho la msanii kabla elimu hii haijaenea, na baadhi yakaangukia karibu na pembe mbaya. Hayo ndiyo yanayonufaika zaidi na ukingo mdogo, kwa sababu huvivunja vimbunga hivyo au kuvipunguza nguvu.

Gari lenye nyuma wima, kama Golf yenyewe au Peugeot 504 ya stesheni, lina hali nyingine. Hewa huachana nalo mwisho wa paa, na kioo cha nyuma hukaa ndani ya msukosuko wenye shinikizo dogo. Msukosuko huo ndio unaorudisha vumbi la barabara ya murramu na kulibandika kwenye kioo. Spoila ya paa inayoendeleza mstari wa paa kwa sentimita chache, ikiteremka kidogo, hupunguza eneo la msukosuko na inaweza kushusha ukinzani. Kile kibao cha kuelekeza hewa chini ipige kioo, kilichofungwa na wenye magari wengi ya stesheni, kinafanya kinyume: kioo hubaki safi zaidi, na injini hulipia usafi huo.

Kwenye gari la kawaida lenye buti, hewa mara nyingi huachana na paa kwenye kichwa cha kioo cha nyuma, kisha huenda ikarudi kugusa kifuniko cha buti. Ikirudi, ukingo mdogo mwishoni mwa buti hufaa kama ule wa 911. Isiporudi, spoila ya buti imesimama ndani ya hewa iliyochoka, na haifanyi kazi zaidi ya kubeba taa ya breki. Urefu wake nao una kikomo. Kadiri ukingo unavyopandishwa, kuinuka kwa mkia huendelea kupungua, lakini ukinzani hupungua kwa sentimita chache za kwanza, husimama, kisha huanza kupanda. Kuanzia hapo kila sentimita inanunua mshiko wa tairi kwa gharama ya mwendo na mafuta.

Bawa lililoinuliwa juu ya nguzo ni kifaa kingine kabisa, ingawa mitaani vyote huitwa spoila. Hilo ni bawa la ndege lililopinduliwa: hukandamiza mkia chini, na kama bawa lolote, hulipia kazi yake kwa ukinzani. Lamborghini Countach LP400 S ya mwaka 1978 iliuzwa na bawa kwa aliyelitaka, na magari yenye bawa yalipungukiwa na mwendo wa juu kwa kiasi cha kilomita 16 kwa saa. Wanunuzi wengi walilitaka hata hivyo. Ukiilinganisha hasara hiyo na zile kilomita 4.5 alizoongezewa dereva wa Porsche, unaona umbali uliopo kati ya ukingo uliotafutwa kwa vipimo na bawa lililochaguliwa zaidi kwa sura yake.

Bawa si upuuzi, mradi limewekwa kwa kazi yake. Dodge Charger Daytona ya mwaka 1969 ilisimamishiwa bawa la kimo cha karibu sentimita 58 ili lifikie hewa safi juu ya msukosuko wa paa, na ukinzani wake ukafidiwa na pua ndefu iliyochongoka. Machi 1970 Buddy Baker aliliendesha gari la aina hiyo huko Talladega hadi kuvuka maili 200 kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 320. BMW 3.0 CSL ya mwaka 1973 ilikabidhiwa kwa wateja wa Ujerumani bawa likiwa limewekwa ndani ya buti, kwa sababu sheria za barabarani huko hazikuruhusu lifungwe. Na Mercedes-Benz 190E Evolution II ya mwaka 1990, yenye bawa kubwa kuliko walivyotarajia wateja wa kampuni hiyo, ilikuwa na Cd ya 0.29; bawa lake lilitayarishwa kwa msaada wa Profesa Richard Eppler wa Stuttgart na kupangwa sambamba na ukingo wa kioo na bampa.

Kuna wakati ambapo ukinzani wa ziada ni bei inayostahili kulipwa. Audi TT ya kwanza, ya mwaka 1998, iliuzwa na mkia wa mviringo usio na chochote. Baada ya ajali mbaya kwenye barabara za kasi za Ujerumani, Audi iliyaita magari hayo na kuyafunga spoila ndogo, pamoja na kurekebisha sasispensheni na kuongeza mfumo wa kielektroniki wa uthabiti. Mtindo ule ulikuwa umerudia kosa ambalo watu wa Porsche walilitibu karibu miaka 30 kabla.

Wengine walitafuta kukwepa kuchagua kati ya ukinzani mdogo na mkia tulivu kwa kutumia ukingo unaojificha. Lancia Thema 8.32 ya mwaka 1986 ilikuwa na spoila iliyochomoza kwa amri ya dereva. Porsche 911 ya toleo la 964, iliyoanza kuuzwa mwaka 1989, iliinua yake yenyewe kwenye kilomita 80 kwa saa na kuilaza gari lilipokaribia kusimama, na Cd yake ikashuka hadi 0.32.

Kwa mwenye Corolla au Mark II ya miaka ya 1990 anayefikiria kufunga spoila ya dukani, mwendo wa barabara zake ndio unaopaswa kuulizwa kwanza. Tanzania huruhusu kilomita 50 kwa saa maeneo ya makazi, na Kenya haivuki 110 hata kwenye barabara kuu. Kwa kilomita 50, tairi hulizuia gari kuliko hewa inavyolizuia, na hata spoila bora haina cha kuokoa. Kwa 100, kupunguza Cd kutoka 0.40 hadi 0.36 huokoa nguvu ya zaidi kidogo ya farasi mmoja.

Kujua kama mkia wa gari fulani una nafasi ya kunufaika hakuhitaji handaki la upepo. Vipande vya uzi wa sufu vya urefu wa kidole, vikibandikwa kwa mistari kwenye kioo cha nyuma na kifuniko cha buti, na gari likapigwa picha kutoka jingine linalolifuata kwenye barabara tupu, hueleza karibu yote. Nyuzi zikilala zote kuelekea nyuma hadi mwisho wa buti, hewa bado imeshika na ukingo mdogo una kazi ya kufanya. Zikisimama, zikizunguka au zikielekea mbele, hewa ilikwishaachana na gari juu zaidi, na mahali pa kurekebisha ni mwisho wa paa.